Glavu Ndani ya Mzinga

Wifi yake aliingia maabara mchana, saa ile mwanga unapopenya kwenye pazia na kutandaa taratibu juu ya meza. Hakuwa amekanyaga pale tangu wamzike kaka yake. Na mwenye maabara, mjane wa kaka huyo, hakuwa amempigia hata simu. Hawakuwa wamegombana. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kulia.

"Hodi, wifi. Nimekuletea kazi."

"Karibu! We mtu umepotea."

"Tumepoteana."

Akafungua mfuko, akatoa bonge zito lenye weusi na wekundu, linanata. Gundi ya nyuki. Mizinga ya marehemu aliitunza wifi huyo, isipokuwa mmoja, ule ambao kaka yake alikuwa ameufungua siku aliyoanguka na kufa. Asubuhi hiyo alijikaza, akaufunua. Bonge lilikuwa chini ya kifuniko.

"Kuna kitu ndani. Mimi moyo umenishinda."

Harufu ya utomvu na nta ikajaa chumba, ile ile iliyokuwa ikibaki kwenye mashati ya mumewe hata baada ya kufuliwa. Mjane akaliweka bonge kwenye friza hadi likakauka na kuwa gumu, kisha akaligonga taratibu. Vipande vikadondoka. Kikachomoza kidole cha ngozi, kikafuata cha pili.

Glavu. Marehemu aliisahau mzingani siku ile, na nyuki, waliposhindwa kuitoa, wakaifunika kwa gundi kama wanavyomfunika mjusi aliyefia ndani ili asiwaozee. Haikuwa na hata doa la ukungu. Vidole vilikuwa vimejikunja kidogo, kama vimeshika kitu.

Wifi akainama kuitazama kwa karibu.

"Mbona haijaoza?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Gundi yenyewe ni utomvu wa miti, nta, mafuta yanayonukia na chavua kidogo. Kwenye huo utomvu kuna flavonoidi. Mti hujitengenezea ili ujikinge, nyuki nao wanaukwangua. Zinazuia vijidudu, na zinazuia hewa isichakaze vitu."

"Unaziona?"

"Subiri."

Akasaga kipande, akakiloweka kwenye spiriti, akatikisa hadi ikawa na rangi ya chai. Akachuja, kisha akadondoshea kidogo kwenye kichupa cha dawa ya kupimia yenye rangi ya zambarau. Zambarau ikatulia kwanza. Halafu ikaanza kufifia polepole, kama mtu anayepitiwa na usingizi, mpaka ikabaki njano laini.

"Rangi imekwenda wapi?"

"Zambarau ni chembe zenye njaa, zinanyang'anya kila zinachokutana nacho. Gundi imezipa zilichokuwa zikitafuta, zimetulia."

"Basi ni kaka yangu huyo! Mgeni akija na ugomvi, anamwekea sahani kwanza."

Mjane akacheka. Akacheka hadi machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena. Wifi akazunguka meza, akamkumbatia. Wakalia hivyo, hakuna aliyejua nani alianza.

"Wale nyuki bado wapo?" mjane akauliza akijifuta.

"Wamejaa tele. Wakali kama mama."

"Jumamosi nipitie, twende wote."

Jumamosi mjane akasimama kando ya mzinga ule, akaweka kiganja ubavuni mwake. Mbao zilikuwa na joto, na mvumo ukampanda mkononi hadi kwenye kiwiko. Wifi akamsogezea kofia ya wavu, naye akafumba macho kidogo kabla ya kuipokea.