Wingu Lenye Tumbo

Mume wangu alipiga picha mawingu, mimi nikayachora. Kazi hiyo ilitulisha miaka kumi na moja, na watu walitucheka: huyu anafukuza moshi, yule anaupaka rangi. Wacheke. Turubai zangu zimetundikwa kwenye mahoteli na kwa madaktari wa meno, milima chini, mawingu juu. Sichori kitu cha kichwani. Lazima nibandike picha yake pembeni ya turubai, na kila picha aliiandikia kwenye daftari: saa, upepo unatoka wapi, ni ya kazi gani.

Siku ile nilikuwa na hasira za bure. Aliniletea picha nane, zote nyeupe pee.

"Haya ni mawingu au mito ya kulalia?" nikamwambia. "Nataka wingu lenye tumbo jeusi. Kama hujalipata, usirudi."

Akacheka, akabeba begi lake, akapanda kilima. Radi ilimpiga huko juu kabla ya saa kumi. Kweli ulimi hauna mfupa, lakini wangu umenivunjia nyumba.

Baada ya maziko mama mkwe alihamia kwangu. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo nilibaki na yeye tu, naye na mimi. Waliokuja kutupa pole walimuuliza mwanawe alifuata nini kilimani na mvua inakuja. Akajibu hajui. Nilikuwa nimeketi ubavuni pake, nikanyamaza.

Begi lilipona, na filamu na daftari ndani yake. Mama mkwe hajui kusoma, lakini alilipeleka mwenyewe studio, akarudi na picha zimesafishwa. Jana mchana alisukuma makopo yangu ya rangi akazipanga mezani. Ya mwisho ndiyo niliyoiagiza: tumbo jeusi limeshuka hadi mgongoni mwa kilima, nyasi zote zimelala. Hakuwahi kupiga nzuri kuliko hiyo. Naona aibu kusema, lakini kwanza niliwaza nichanganye buluu kiasi gani.

"Nisomee alichoandika," akasema.

Nikafungua daftari. *Saa tisa na dakika ishirini. Jeusi, ila tumbo bado. Radi iko karibu. Nangoja, la sivyo bibie atanifukuza.*

"Ameandika... Wingu zuri. Nashuka sasa."

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia vile vile.

Akalichukua daftari mkononi mwangu, akalifunga. "Mwenye studio alinisomea juzi."

Nilipiga magoti nikamweleza yote, mito ya kulalia, usirudi, yote. Hakulia wala hakunitukana.

"Mume na mke husemezana mabaya kuliko hayo," akasema. "Hilo nilishakusamehe njiani, nikitoka studio. Nilitaka tu uniambie mwenyewe."

Akaibandika ile picha pembeni ya turubai tupu, mahali pale pale ninapoziweka siku zote, akaenda kufunga mizigo yake.