Kichupa Namba Kumi na Saba

"Sista, mimi nahesabu damu, sihesabu watu!" Sebastian, mkusanyaji wa sampuli za utafiti, alisema kwa mara ya tatu, amekumbatia kisanduku cha barafu mlangoni mwa zahanati.

"Basi iambie hiyo damu inyamaze," Nesi Ketrina alimjibu.

Ndani ya kisanduku, kichupa namba kumi na saba kilikuwa kinaomba udongo wa kula. Kilianza saa nne. Vingine ishirini na tisa vilinong'ona tu, kila kimoja kwa sauti ya mwenye damu. Sebastian alishazoea. Wiki iliyopita vichupa vya kijiji cha Ibaba viliimba pambio njia nzima, na dereva akawa anaitikia.

Utafiti wenyewe ulikuwa mwepesi: kujua katika kila wajawazito mia, wangapi wana virusi vya Ukimwi. Vichupa vilikuwa na namba, majina hapana. Majibu yangetoka baada ya miezi sita, kwa asilimia. Zahanati haikuwa na vitendanishi vya kupimia tangu Agosti.

Ketrina alikuwa na watoto wanne, na masikio ya kutambua sauti. Alitazama benchi la wajawazito waliotolewa damu. Nyanzobe, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa anakung'uta kimfuko kitupu cha udongo.

"Mwanangu, umepimwa?"

"Nimetolewa damu, mama."

"Sikuuliza hivyo."

"Majibu sijapewa. Wanasema ni ya wataalamu."

Ketrina alimgeukia Sebastian. "Huyu anajifungua mwezi ujao. Akijua leo, na kama dawa zinahitajika, anaanza leo, mtoto anakingwa. Hiyo asilimia yako itamkuta ananyonyesha. Mpe kiti cha mbele cha gari, mpeleke hospitali."

"Kiti cha mbele ni cha sampuli, Sista. Ndiyo utaratibu."

"Kwa hiyo damu yake inakwenda maabara Vwawa imekaa mbele, yeye abaki benchini?"

Kichupa kiliuliza kama njiani wanauza udongo.

Ketrina alimpokonya Sebastian kisanduku. Akamshika Nyanzobe mkono, akampandisha kiti cha mbele, akampitishia mkanda chini ya tumbo, akampakatisha kisanduku. Namba kumi na saba ikanyamaza, kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

"Mdogo wangu, panda nyuma," alimwambia Sebastian. "Dereva, hospitali kwanza, maabara baadaye."

Gari likaondoka. Benchini walibaki wanawake ishirini na tisa, na kutoka dirisha la gari vichupa ishirini na tisa viliwaita, mmoja mmoja, kwa majina yao, mpaka vumbi likatulia.