Ncha Zilizomezwa na Mshono

Fundi wa mifarishi, yale mashuka mazito ya vipande vya vitambaa, alikuwa mkali kwa jambo moja tu, ncha za nyota. Mengine yote alimwachia Mungu. Kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani, alipiga magoti kwenye sakafu iliyojaa nyuzi, akaiombea kazi, kisha akamwombea mdogo wake na ndoa yake. Mara mbili mdogo wake alimkimbilia akivuja damu puani, na mara mbili Fundi alimrudisha kwa mumewe akiwa amemshika mkono.

"Ndoa ni kuvumilia, mdogo wangu," alimwambia. "Mungu hamtupi mja wake."

Safari ya tatu mdogo wake alikuja bila machozi. Alisema amekuja kujifunza kazi na mumewe ameruhusu. Fundi akashukuru kwamba maombi yamejibiwa. Akampa vitambaa vya bluu na vyeupe, akamwonyesha: mraba katikati, pembetatu nane kuuzunguka, nyota ya ncha nane.

"Siri ni robo inchi," alisema. "Iache nje ya kila ncha. Usipoiacha, mshono unaimeza ncha, na nyota yako inakuwa kisahani."

Kufika siku ya tatu visahani vilikuwa vinne. Cha kwanza Fundi alikitia pamba, akakishonea kitambaa nyuma, kikawa cha kushikia pasi ya mkaa, maana mpini wake ulikuwa umepasuka na uliunguza kiganja.

"Na hii ni nyota au kobe?" aliuliza, akiinua kipande cha nne.

"Kobe, dada. Lakini kobe naye kaumbwa na Mungu."

Wakacheka. Fundi akavitandaza vipande mezani, akaacha kucheka. Kila mshono ulianza sawa ukapinda mwishoni, na yote ilipinda upande uleule. Asiyejua kushona hupinda huku na huku. Huyu alijua, ila mkono wake ulikuwa unamwangusha.

"Shona nikuone."

Mkono wa kulia ukazungusha gurudumu. Wa kushoto, ambao kazi yake ni kuongoza kitambaa, ulikuwa unakisukuma kwa kiganja, kidole gumba kimefichwa ndani.

"Kidole kina nini?"

"Kimejigonga."

"Kimejigonga chenyewe, kama kipofu?"

Fundi akaukunjua ule mkono. Kidole kilikuwa cheusi, kimevimba, kimeelekea kusiko kwake.

"Mume wangu alikiweka kwenye bawaba ya mlango, akaufunga," mdogo wake alisema, macho kwenye sindano. "Akaniambia niape sitakuja tena kwako. Nikaapa. Akaufunga tena, eti kiapo kikolee. Leo ni asubuhi ya tatu natoroka nyumbani, dada. Hajaruhusu kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ili uniombee, halafu unirudishe?"

Fundi alikuwa bado ameushika mkono ule waliposikia hodi.

Alikuwa mume mwenyewe. Mtaani walimwita Mpole, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alivua viatu mlangoni kama mtu mwenye adabu zake.

"Shikamoo, shemeji. Nimemfuata mke wangu."

"Harudi," Fundi alisema.

"Wewe si ndiye uliyenirudishia mara mbili? Au leo umeokoka upya?"

Akampita, akamkamata mkewe nywele, akamvuta juu ya meza. Cherehani ikaanguka kwa kishindo. Mkewe akagonga mdomo kwenye ukingo wa meza, damu ikarukia vitambaa vyeupe. Fundi akamrukia mgongoni. Mpole akageuka, akampiga ngumi moja tu, na Fundi akajikuta chini akitema jino. Alipoinua macho, shemeji yake alikuwa amebana mkono wa mkewe mezani kwa goti na kuokota mkasi mkubwa. Alikuwa anaufungua polepole juu ya kidole gumba.

"Hiki hakina kazi tena," alisema kwa upole uleule. "Tukitoe."

Fundi hakuomba. Alichukua kile kisahani cha nyota, akashika nacho pasi iliyojaa makaa, akamgandamiza Mpole nayo shavuni.

Ndipo mtaa ukaisikia sauti yake. Alipayuka, akatupa mkasi kwa nguvu ukamchana Fundi mkono hadi kiwiko. Fundi akampiga tena. Kifuniko cha pasi kikafunguka, makaa yakammwagikia kifuani, akaanguka akijiviringisha. Fundi akainua pasi mara ya tatu, juu ya kichwa sasa.

"Dada, basi!" mdogo wake alilia. "Usifungwe ukaniacha peke yangu kwa ajili yake!"

Mkono ukasita hewani. Seremala na mshona viatu wa jirani wakaingia, wakamfunga Mpole kwa kamba, wakamkabidhi kwa polisi.

Wiki iliyofuata mama yake Mpole alikuja, akakaa, akajifuta uso kwa kanga.

"Mwanangu amekosa, lakini ndoa ni kuvumilia, wanangu."

"Maneno hayo ni yangu, mama," Fundi alisema, akitoa sauti kupitia pengo. "Nimeyafuta. Usiyaokote."

Mgeni alipoondoka, Fundi alipiga magoti kama kawaida yake. Akaanza, "Ee Mungu," akakwama. Akageuka akiwa palepale magotini, akamtazama mdogo wake.

"Nisamehe mimi kwanza."

Kidole cha mdogo wake kilikuwa kimefungwa kwenye kijiti na bandeji.

"Bado, dada," alisema. Akasogeza kiti mbele ya cherehani, akaweka pembetatu mbili chini ya sindano. "Njoo weka kidole chako hapa. Mimi nazungusha."

Fundi akainuka, akaweka kidole gumba pale alipoambiwa. Gurudumu likazunguka. Mshono ukaenda, ukafika mwishoni, haukupinda.

"Robo inchi," mdogo wake alisema. "Usibanebane, dada. Unaniminyia ncha."