Choki ya Kumkosa

Kila Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado umelala kwenye nyasi za uwanja wa shabaha, fundi wa bunduki alitandika kipande cha blanketi juu ya meza yake na kupanga choki. Ni vibomba vifupi vya chuma, vyenye urefu wa kidole, vya kufungwa kwenye mdomo wa mtutu. Choki pana huyaacha marisau, zile chembe ndogo za risasi, yatawanyike mapema, kwa kisahani cha udongo kinachorushwa hewani kama shabaha na kupita karibu. Choki ya kubana huyashika pamoja yafike mbali. Ukizichanganya, utapiga kelele tu na kisahani kitakwenda zake salama salimini. Wanachama wa klabu hawakupenda kuumiza vichwa kwa mambo hayo. Walimpa fundi bunduki, fundi akawachagulia.

Jumamosi moja visahani vilikuwa vimetoka tanurini juzi yake. Klabu ilijitengenezea yenyewe, kwa udongo wa shimo la nyuma. Daktari wa meno alikuwa wa kwanza. Fundi alimfungia choki pana, naye akasimama kwenye kituo cha karibu, akasema, "Achia!" Mtambo ukarusha, akapiga. Kisahani kilipasuka vipande vinne, na vipande vikashuka polepole, kana kwamba havijaamua pa kutua. Vikiwa bado hewani vikasema, "Beleshi langu mmeliacha mvuani."

"Nani huyo?" daktari akauliza, huku akitoa ganda la risasi.

"Kaka yangu," fundi alisema.

"Ana sauti nzuri." Daktari akaweka risasi nyingine.

Huyo kaka alikuwa mchimba udongo wa klabu. Ukuta wa shimo ulipoporomoka, mwenyekiti wa klabu, mtu wa kuuza magodoro, alitangaza kwamba shimoni hamkuwa na mtu. Mchimbaji, alisema, alikuwa ametoroka asubuhi ileile na mwanamke. Trekta likasawazisha mambo. Tangu hapo mke wa kaka aliendelea kumfulia mumewe shati lake la Jumapili kila wiki, ingawa hakukuwa na aliyelivaa, na mtaa mzima ulimcheka.

Jioni fundi alimkuta akipiga pasi.

"Shemeji, nimemsikia."

"Yuko na nani?"

"Peke yake. Yuko kwenye visahani."

Mwanamke alisimamisha pasi wima. "Nilisema mimi. Mwanamke gani angemchukua yule, na kukoroma kule?"

Jumamosi iliyofuata fundi alikuja naye, mwanamke akakaa juu ya sanduku la risasi karibu na kituo cha kwanza. Daktari wa meno alikuwa tayari ameshainua bunduki.

"Daktari, subiri kidogo aulize," fundi alisema. Daktari akashusha mtutu, akasubiri.

"Baba watoto," mwanamke aliita, "uko wapi?"

"Achia!" daktari akasema.

"Chini ya ukuta," vipande vilisema.

Kisahani cha pili kilisema, "Niliita." Cha tatu kikasema, "Mwenyekiti akachungulia." Cha nne kilipasuka vizuri zaidi, vipande vingi, kikawa na maneno ya kutosha: "Akaniona. Akasema mfukieni, kazi zisisimame."

Mwenyekiti alikuwa hapohapo, akifuta miwani kwa ncha ya shati. Aliivaa, akatazama angani.

"Udongo huu unaruka vizuri," alisema. "Hauyumbi kabisa. Nani anafuata?"

Aliyefuata alikuwa hakimu. Alimpa fundi bunduki yake afungiwe choki, na fundi akamfungia, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Basi ikawa mazoea. Mwanamke alikuja kila Jumamosi na kumpa mumewe habari za nyumbani: bati linavuja, mtoto wa kwanza kaota ndevu, jirani kahama. Mume alijibu kwa kadiri alivyopasuka. Wanachama walizoea kupokezana naye zamu, na baadhi yao walimsalimia marehemu kabla ya kufyatua. Lakini sauti ilianza kupungua. Siku moja mwanamke aliuliza bawaba za mlango zimewekwa wapi, akajibiwa, "Nyuma ya," basi. Aliutazama uwanja. Vipande vilikuwa vimetapakaa kila mahali, na viatu vya watu vilikuwa vinapita juu yake.

"Shemeji," alisema, "tunammaliza."

"Ndiyo."

"Kila nikizungumza naye anavunjwa."

"Ndivyo ilivyo."

"Huna choki ya kumkosa?"

Fundi alizitazama zilivyolala juu ya blanketi. "Ninazo. Ni hizihizi. Ni kuzigeuza tu. Lakini kisahani kizima hakisemi, shemeji. Hutamsikia tena."

"Nimemsikia miaka kumi na tisa ya ndoa," alisema. "Zigeuze."

Tangu siku hiyo fundi aliwafungia choki ya kubana kwa visahani vya karibu, na pana kwa vya mbali. Wanachama walikosa. Walilaumu upepo, wakalaumu miwani, wakalaumu chakula cha jana. Daktari wa meno alinunua bunduki mpya, akaileta kwa fundi, akakosa nayo pia. Visahani vilielea juu ya uwanja kimyakimya, vikatua vizima kwenye nyasi ndefu, na mwanamke akapita na beseni akiviokota.

Mwenyekiti alisema mazoezi hayatoshi, akaagiza udongo zaidi. Lori lililokuwa likiingia shimoni Jumatatu likaanza kuingia na Alhamisi. Uchaguzi wa klabu ulipofika alichaguliwa tena, kwa kunyoosha mikono. Hakimu ndiye aliyehesabu.

Mvua zilipokatika fundi alikwenda kumjulia hali shemeji yake. Visahani vilikuwa vimepangwa juu ya kitanda, upande wa ukutani, kimoja kikiegemea kingine, tangu miguuni hadi juu kidogo ya magoti. Shati lilikuwa limetandazwa mahali pake, likingoja. Chumba kilinuka udongo uliolowa. Fundi alikuwa amesimama kutwa nzima, akataka kujiegesha pembeni mwa kitanda.

"Si hapo, shemeji," mwanamke alisema. "Hapo pana mguu."

Fundi akavuta kiti.