Inatosha, Ni Yeye

...si yeye, haiwezi kuwa yeye, watu hufanana, dunia ina wanaume wangapi wenye masikio yaliyosimama namna ile, ila kidole, hata kidole kifanane, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilichobaki nusu, nimebonyeza kitufe cha kusimamisha video bila kujua kwamba nimebonyeza na sasa mkono umesimama ukutani, mkubwa kuliko ubao, mkono wa mwongoza watalii anayewazuia wageni wake kwa sababu tembo wanavuka njia, na watoto thelathini na mmoja wamekaa mkekani mbele yangu na tiketi zao za ndege tulizokata kwenye maboksi, wiki iliyopita tulisafiri Madagaska, leo tumetua Zambia, na mmoja anasema, Mwalimu, mtandao umeganda, nami nasema ndiyo, umeganda, subirini kidogo, na sauti imetoka sawasawa kabisa, sauti ya mwalimu haina haya, ingeweza kuita majina ya mahudhurio huku nyumba inaungua... kaka yangu amekufa. Tulimzika. Ni miaka tisa sasa. Hesabuni tembo, nawaambia, hesabuni kimyakimya, na vidole vidogo vinanyooshwa hewani, mmoja, wawili, na mimi nahesabu kidole kimoja tu, kile, kwa sababu nilikikata mimi, kwa mlango wa jikoni, nikiwa na miaka sita, alikuwa ameniita Kiroboto mbele ya wenzangu nikausukuma mlango kwa nguvu zangu zote, na yeye hakulia, niliyelia ni mimi, yeye alimwambia mama ni upepo, upepo siku ambayo hata jani halikutikisika, na tangu hapo akitaka maji ya kunywa anainua tu ile nusu yake, hasemi neno, nami nanyanyuka kwenda kumletea, mpaka tumekuwa watu wazima ananitoza ushuru wa kile kidole, kwa hiyo nani wa kuniambia mimi kwamba nimekosea, hakuna mtu chini ya jua anayekijua kidole kile kunishinda mimi, hakuna, na mtu aliyepelekwa kutambua maiti nilikuwa mimi. Baba alikuwa amelala na presha, mama miguu ilikataa, wakasema wewe ndiye uliyesoma, nenda, kana kwamba kuna darasa la kusomea jambo lile, nikaenda, na yule mhudumu wa chumba cha maiti, mzee wa kikohozi, mpole, alifunua shuka mpaka kifuani tu, akanionya kwamba basi lilipopinduka uso uliumia sana, na kweli sikuuangalia uso, niliangalia shati, shati la buluu lenye vifungo vyeupe na kimoja cha kijani, cha kijani nilikishona mwenyewe siku cheupe kilipopotea, nikajiambia nani mwingine ana shati la kichaa kama hili, na mzee akaniuliza, Nifunue zaidi, binti yangu? Na mimi nikasema, Inatosha, ni yeye.

Mikono ilikuwa chini ya shuka. Angefunua kiganja kimoja tu, ningemwambia hebu kiganja, mzee wangu, asingenikatalia, lakini nilikuwa nataka kutoka, nilikuwa nataka hewa, nikatia sahihi mahali aliponionyesha na nikashukuru, nakumbuka nilishukuru... Wanane, anasema mmoja, si wanane, ni tisa, mmoja mdogo yuko chini ya tumbo la mama yake, huyo ni Profesa, tunamwita hivyo kwa sababu haachi kitu kipite, juzi tu nilikuwa nawafundisha kutofautisha chui na duma, wote wakiona madoa wanapiga kelele chui, nikawaambia madoa waachane nayo, waangalie uso, duma ana mistari miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni, na Profesa akasema, kwa hiyo mtu akiangalia ngozi tu anadanganyika, nikamsifu, nikampigisha makofi na darasa zima, mimi huyu, mnafiki wa kutupwa. Na video yenyewe jana niliiangalia dakika mbili za mwanzo, nikaona twiga na punda milia wa kutosha nikasema inafaa, nikaenda kukoroga chai yangu, laiti ningeifikisha mwisho ningezimia nyumbani kwangu kwa amani, lakini sasa nimesimama mbele ya watoto wa watu. Chini ya picha wameandika imewekwa wiki tatu zilizopita. Wiki tatu. Amenenepa. Ana mvi pembeni, ana kofia, anawaeleza wageni kwa Kiingereza kwamba tembo jike mzee ndiye anayeongoza familia, halafu yule jike akageuka kuwatazama na yeye akamwambia kwa lugha yetu, polepole, taratibu, bibie, njia ni yako, na hayo ndiyo maneno aliyokuwa akimwambia mama kila wakipishana mlangoni na ndoo ya maji, na hapo ndipo mkono wangu ulipobonyeza. Wewe mtu. Miaka tisa, hata salamu? Aligombana na baba, sawa, akabeba begi akasema msinitafute, sawa, nami namjua kwa kususa nikasema atarudi njaa ikimbana, baada ya miezi mitano basi likapinduka kwenye barabara ya mpakani na shati likapatikana, sisi tukalia hadi sauti zikakauka, huku yeye yuko porini anabembeleza tembo. Nikimpata nitamla nyama mzima mzima. Nitamkumbatia kwanza. Hapana, nitampiga kwanza. Na mama nitamwambiaje, mama ambaye dawa zake nazipanga mimi kwenye kikopo, nitaanza na neno gani, kaa chini, mama, halafu? Atacheka, naijua ile furaha, atacheka na kulia kwa pamoja na kuuliza kama amekula, lakini baadaye, akishatulia, atauliza swali lingine, naliona linakuja... maana baba alijilaumu mpaka akaisha, miaka miwili tu, akaomba alazwe ubavuni mwa mwanawe amwombe radhi akiwa karibu, nasi tukamtimizia, kwa hiyo baba yangu amelala ubavuni mwa nani?

Mwalimu, bado umeganda? Bado, mwanangu. Shati alimpa mtu, ndivyo alivyo, hajawahi kuwa na kitu kikalala kwake siku mbili, alikutana na mtu stendi, mtu hana nguo ya kubadilisha, akavua akampa, mmoja akaenda huku na mwingine akapanda basi. Kijana tu, wa rika lake. Na yule wa chini ya shuka kifuani alikuwa na nywele. Niliziona. Kaka kifua chake kilikuwa kitupu kama cha mtoto, tulikuwa tukimtania, na mimi niliziona zile nywele kwenye shingo ya shati, nikajiambia, amekua, mwanaume hukua, miezi mitano ni mingi, nikazisamehe. Mungu wangu, niliona. Si kwamba sikuona, niliona nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nataka hewa. Profesa amesimama, ameacha mkeka, amenisogelea kabisa na tiketi yake, ananitazama mimi badala ya ukuta.

"Mwalimu, kwani unamjua huyo?"

"Ni kaka yangu."

Anageuka kumwangalia, anaitikia kwa kichwa, haoni cha kushangaza, anarudi kukaa na kumnong'oneza jirani yake, nao wanahesabu upya, na mkono wa kaka yangu ungali juu ukutani, tembo bado hawajavuka, na natakiwa nifurahi, nimepata ndugu, ila siwazi tena habari zake, atapigiwa simu leo, atatukanwa, atasamehewa, ana watu wake... nawaza mama mwingine, wa yule kijana tuliyemzika, simjui, yuko mji gani sijui, miaka tisa hii ni yake pia, hakuna aliyemwita kutambua chochote kwa sababu mimi nilikwisha kusema ni yeye, na majirani wakimuuliza anawaambia huyo mtoto ana shughuli nyingi, mnamjua alivyo, atapiga simu tu.