Jina Lililokwenda Kusoma

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, mwaka wa 1972, saa nne asubuhi, Murunga alikuwa ameketi nje ya chumba chake huko Lindi, mtaa wa Kibera, Nairobi, akipiga msasa twiga wa mbao wa jirani yake Kavoi, na pumzi yake ikaanza kutoka moshi. Jua lilikuwa kali hata mabati yalikuwa yakilia. Kavoi, mchongaji kutoka Machakos, aliutazama ule moshi, akapuliza vumbi kwenye patasi yake.

"Hiyo ni baridi ya Ulaya," akasema. "Jamaa yako amefika."

Jamaa yako! Kavoi naye. Yule alikuwa mwizi, na mwizi tusimpambe.

Murunga alikuwa na shahada ya kwanza ya sheria kutoka Dar es Salaam, tena ya daraja la juu. Aliomba udhamini akasomee uzamili wa sheria ya kimataifa huko Ulaya, akaupata. Kwao karibu na Bungoma wakamwombea, wakachinja fahali, na mama yake, Nafuna, akamvisha skafu nyekundu ya sufu aliyoifuma kwa mikono yake. Siku ya kuchukua pasipoti, karani alifungua faili, akalifunga.

"Murunga ameshachukua," akasema. "Anasafiri kesho."

"Murunga ni mimi."

"Basi utakuwa umeshachukua."

Ndani ya faili mlikuwa na vyeti vyake vyote na picha ya mtu mwingine. Alikuwa mpwa wa mkubwa fulani, kijana ambaye darasani hata kunakili kulimshinda. Tangu hapo kila ofisi Murunga aliyoomba kazi ilimjibu kwa adabu kwamba Murunga yuko masomoni, aandikiwe huko huko. Alijaribu mpaka kwa mwenye duka mmoja wa Kawangware aliyetaka mtu wa kupima sukari, na huyo pia akamwambia amesikia Murunga ameondoka. Kurudi nyumbani aliona haya. Fahali alikuwa ameshaliwa, angemrudisha vipi?

Wiki ya tisa ya ile pumzi, giza la Ulaya liliingia chumbani mwake saa kumi alasiri, nje watoto wakicheza mpira juani. Akawasha koroboi. Chini ya sufuria ya ugali palikuwa na karatasi yenye unyevu, na juu yake swali limepigwa chapa: dola huwa dola kwa kuwapo kwake, au kwa kutambuliwa na wengine? Jadili. Murunga aliisoma, akaifunikia sufuria, akalala; asubuhi haikuwapo. Kwa nini amfanyie mwizi kazi?

Baada ya siku saba karatasi ilirudi pale pale. Ilikuwa tupu, ila juu yake palikuwa na sifuri ya wino mwekundu, na kando ya sifuri jina: Murunga.

Hapo alishikwa na hasira iliyomnyima chakula. Jina hilo halikuwahi kubeba sifuri. Lilikuwa la babu wa baba yake, mtu aliyesimama mbele ya bunduki za Wazungu akiwa na mkuki mmoja. Murunga alipozaliwa alilia siku tatu mfululizo, na wazee wakawa wanamtajia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, kama ilivyo desturi. Walipofika kwa Murunga akanyamaza. Mfu huyo ndiye aliyeitika, jina likawa lake.

Swali la pili lilipokuja, alikaa akaandika kurasa kumi na mbili, akaziweka chini ya sufuria.

"Wewe ni mjinga ama nini?" Kavoi akamuuliza. "Wacha aanguke, huyo mwizi!"

"Hataanguka yeye," Murunga akasema. "Ataanguka Murunga."

Kavoi alipuliza vumbi la mbao. Akaendelea na masikio ya twiga.

Basi ikawa hivyo miaka miwili. Mchana msasa, alasiri sheria. Vitabu hakuwa navyo, lakini mkataba aliouhitaji ulikuja ukiwa karatasi ya kufungia sukari ya dukani, au nyama, na Murunga alifuta damu akasoma. Alivaa ile skafu katika jua la Januari, akitetemeka, na wapangaji wakazoea kuweka maziwa yao mlangoni pake yasiharibike. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule mpwa alikuwa mwaminifu katika uvivu wake. Hakuandika hata sentensi moja yake mwenyewe.

Lakini kila karatasi iliyoondoka iliondoka na kipande cha jina. Kwanza barua ambazo mama alimwandikia Ulaya, na ambazo zilikuwa zikitokea chini ya sufuria, zikaacha kumfikia. Kisha asubuhi moja Kavoi alifungua kinywa amwite kunywa chai, kinywa kikabaki wazi.

"We jirani," akasema mwishowe. "Chai."

Murunga alielewa. Asipoandika, jina litaaibika. Akiandika, litahama. Akaandika tasnifu, kurasa mia mbili, akithibitisha kwamba aliyepo yupo, hata kama dunia nzima imegoma kumtambua. Watahini wa Ulaya waliisifu mno. Shahada ikatolewa kwa heshima ya juu, na siku hiyo pumzi yake ikaacha kutoka moshi.

Yule mpwa alirudi na suti ya kijivu na cheo wizarani. Watu wa magharibi ya Kenya walioko Nairobi wakamwandalia ibada ya shukrani katika kanisa moja la Kianda, papo hapo Kibera, Jumapili baada ya chakula cha mchana, na mama Nafuna akatumiwa nauli aje amwone mwanawe. Murunga alipata habari. Alifua skafu yake, akaivaa, akaenda kusimama mlangoni mwa kanisa. Mama akimwona tu, alijiambia, uongo wote utaisha.

Nafuna alitoka na kina mama wenzake, akasimama hatua mbili kutoka kwa mwanawe. Akainua uso, akaita kwa sauti ya shambani, "Murunga!"

Murunga alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Jina lilimpita kando ya sikio kama la mtu mwingine.

"Naam, mama," akaitika yule wa suti, kutoka kwenye gari.

Nafuna alimtazama wa gari. Akamtazama wa skafu. Alimkaribia huyu wa pili, akagusa kovu la kwenye unyusi ambalo mwanawe alilipata utotoni akianguka kwenye kinu, akashika ile sufu aliyoifuma.

"Wewe ni mwanangu," akasema. "Tumbo langu halijasahau. Lakini Murunga ameitika kule."

"Mama, ameniibia!"

"Najua, baba. Ameiba, na jina limemwitikia." Akamshika mkono. "Twende kwako."

Gari liliondoka likipigiwa makofi na vigelegele. Mchungaji alibariki mpaka magurudumu.

Chumbani Nafuna aliketi kitandani, akakilaza kichwa cha mwanawe mapajani pake, mtu wa miaka thelathini na miwili, naye akalia kwa sauti kubwa bila kujizuia. Mama akaanza kumtajia wafu. Sifuna. Khaemba. Wepukhulu. Alingoja kidogo baada ya kila jina, akisikiliza, na kilio hakikukoma. Ng'ambo ya ukuta patasi ya Kavoi ilisikika ikigonga. Nafuna alitaja upande wa baba, akataja upande wake, akarudia wale waliokufa wadogo, mpaka akafika mwisho.

"Wamekwisha," akasema. "Waliobaki wote majina yao yana watu."

Mezani, chini ya sufuria, palikuwa na bahasha ya wizara. Ndani yake mlikuwa na rasimu ya mkataba wa mipaka ya ziwa, na kijikaratasi: Iwe tayari kesho asubuhi. Sahihi ilikuwa Murunga. Mwana wa Nafuna alijifuta uso kwa skafu, akavuta kigoda, akachukua kalamu.

"Unamwandikia nani?" mama akauliza.

"Murunga."

Nafuna alisogeza sufuria kando, akampa nafasi.

"Basi andika vizuri," akasema. "Hilo ni jina la babu yako."