Mke wa Fundi Kisiwani

Mke wa fundi cherehani alikuwa hajapanda boti tangu azaliwe. Siku hiyo alipanda, akakaa katikati kabisa, kikapu mapajani, mikono imeng'ang'ania ubao kana kwamba yeye ndiye anayeizuia boti isizame. Wenzake humo walikuwa watalii: kofia pana, mafuta ya jua yananukia, simu juu, wanapiga picha hata maji matupu. Msichana mmoja akamgeukia.

"Bibi, na wewe unaenda kutembea?"

"Naenda kumfuata mwanangu."

"Anaishi huko? Jamani, ana bahati! Mimi ningehamia hata leo."

Mke wa fundi akatabasamu kwa adabu.

Nyumbani mumewe alikuwa kitandani, amebaki ngozi na mifupa. Hospitali walishasema arudishwe nyumbani, na mwenye kuelewa alielewa. Uji hautaki, dawa anazitema. Kitu kimoja tu alikitaka. "Niitieni mwanangu nimwombe radhi, nife," alikuwa akisema, kisha anaugeuzia mlango uso. Majirani walinong'ona kwamba roho ya fundi imegoma kutoka, inamsubiri kijana.

Na kijana mwenyewe alikuwa ameondoka zamani. Alikuwa anajifunza kazi kwa baba yake, akaunguza suruali ya harusi ya mteja. Fundi hakufoka. Alimshika mkono, akaulaza mezani, akaweka pasi ya mkaa juu yake, taratibu, kama anavyonyoosha kola. Kwa ule ukelele majirani walijaa uani. Mama akasimama mlangoni, akawaambia, "Amejiunguza mwenyewe. Si mnawajua watoto wa siku hizi, hawatulii." Kijana alikuwa nyuma ya pazia, anasikia kila neno. Kidonda kilipokauka, akatoka kama anayekwenda kuteka maji, akawa ametoka moja kwa moja.

Kupatikana kwake ilikuwa bahati nasibu. Binti wa jirani alikwenda kisiwani kutembea, akarudi na picha. Katika picha moja, nyuma ya binti anayechekelea, alionekana mwanamume anaanika mashuka, ngozi ya mkono wake imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Mke wa fundi aliutambua mkono kabla ya uso. Akamwomba binti namba ya nyumba ya wageni alikofikia, akapiga kuuliza habari za mwenye mkono ule, akapokea mpishi: ndiyo, yupo, ni dobi wetu, sisi tunamwita Kimya.

"Basi mwambie mama yake anakuja kesho," akasema. "Mwambie na baba yake ni mgonjwa, anamwita."

Sasa huyo hapo, amefika. Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo, ungeweza kukizunguka chai yako ikiwa bado ya moto. Mchanga mweupe wa kuumiza macho, minazi imeinamia maji, na nyuma ya uzuri wote huo mapipa ya taka na jenereta inakohoa kama mgonjwa. Watalii wakavua viatu, wakakimbilia majini wakipiga kelele. Yeye akauliza njia.

Langoni alimkuta mlinzi akipitisha reki mchangani, ili wageni waukute hauna hata unyayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Namtafuta Kimya. Mimi ndiye mama yake mzazi."

Mlinzi akasimamisha reki. Akavua kofia, akajifuta jasho, na kofia ikabaki pale kifuani.

"Loo, mama yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Umechelewa kidogo tu. Kimya ameaga."

Kikapu kilianguka kwanza, yeye akafuata. Alianguka kifudifudi kwenye ule mchanga uliosawazishwa, akaufumbata kwa vidole, akatoa sauti ambayo mlinzi hakuwahi kuisikia kwa binadamu. "Mwanangu! Mwanangu, nimekuja kufanya nini? Nilikuwa njiani! Mngenisubiri hata nimwone uso!" Watalii wakatoka vyumbani na taulo zao. Mpishi, mwanamke mnene mwenye mbio za ajabu, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wee mlinzi! Umemfanya nini mama wa watu?"

"Sijamgusa! Nimemwambia tu Kimya ameaga."

"Ameaga nini? Ameaga dunia au ametuaga sisi? Neno lina mkia hilo, wewe mkia umeumeza!" Akamchapa mwiko wa bega, akapiga magoti mchangani. "Mama, inuka. Mwanao mzima wa afya. Ametuaga, amepanda boti, kaondoka na miguu yake miwili. Huyu kichwa maji hajui kuzungumza."

Mke wa fundi akainua uso, mchanga umemganda midomoni.

"Yu hai?"

"Anapumua kuliko mimi."

Alicheka. Alicheka huku analia, akamshika mpishi mashavu, akamshika hata mlinzi mkono na kumwambia amemsamehe. Wakamkalisha kibarazani, wakampa maji. Aliyanywa yote, ndipo akili zikamrudia, na zilipomrudia zikaja na swali.

"Ameondoka lini?"

"Leo asubuhi, na boti ya mizigo," mpishi akajibu. Ucheshi ulikuwa unamtoka kidogo kidogo.

"Boti ya buluu?"

"Hiyo hiyo."

Walipishana nayo njiani. Abiria walipungiana mikono. Na yeye alipunga.

"Salamu zangu ulimpa?"

"Nilimpa jana hiyo hiyo, mama. Nikampigia na vigelegele." Mpishi alitazama mwiko wake. "Alikuwa anakunja mashuka. Mwanao pasi haigusi, hata umeme uwepo. Anakunja shuka likiwa na unyevu, analipitishia kiganja mpaka linanyooka, wageni wanadhani tuna mashine. Akaendelea kukunja. Akaniuliza kama baba yake anaweza kusimama, nikasema sijui. Asubuhi nikamkuta na begi."

"Hakuacha neno?"

"Aliacha, ila mimi sikulielewa. Alisema, 'Mama akifika, mwambie nilijiunguza mwenyewe.'"

Mke wa fundi aliiweka bilauri chini, polepole, kama kitu kinachoweza kulia.

Mpishi akampeleka chumbani kwa Kimya, labda ataona kitu cha kumfariji. Kitanda cha kamba, misumari ukutani isiyo na nguo, sakafu imefagiliwa. Shuka limekunjwa juu ya mto, pembe zimelingana. Mama akalilalia kwa shavu, akalinusa. Lilinuka sabuni tu.

"Alisema anakwenda wapi?"

"Kimya aseme? Mama, bwana huyu tumekaa naye mpaka nimezeeka, sijui hata jina lake."

Mama akafumbua mdomo amwambie, akaufumba.

Alirudi gatini kungoja boti. Yule msichana wa asubuhi alikuwa hapo na mchumba wake, wote wamebabuka kwa jua. "Bibi, tupige picha moja, bonyeza hapa tu. Mwanao umemwona?" Alibonyeza. Picha ya kwanza iliwakata vichwa, wakaomba arudie, akarudia.

Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa wifi yake, dada wa fundi, anayemuuguza kaka yake.

"Wifi, mmeshapanda? Maana huku hali si hali. Tangu asubuhi hajafumba jicho. Nikimwambia alale kidogo ananionyesha mlango. Anaumia, wifi, anaumia mpaka natoka nje. Niambie tu mko wapi nimtulize."

"Nipo peke yangu."

Kuku walisikika uani kule.

"Nitamwambiaje mimi?"

"Muwekee simu sikioni."

Yakasikika mashuka yakivutwa, kisha pumzi, ndefu, yenye kukwaruza.

"Fundi," akasema mkewe. "Hatakuja. Usisubiri."

Pumzi ikaenda, ikasimama, ikarudi.

"Fundi, unanisikia? Usisubiri." Boti ilikuwa inakaribia gati, watu wanasimama, wanabeba mabegi. "Usisubiri!" akapiga kelele, na watalii wote wakageuka.